Visu Kumi na Saba Vinavyofanana: Kukusanya Opinel

Mezani ninapoandika vimelala visu kumi na saba vya kukunja, na mtu asiyevijua akivitupia jicho mara moja ataapa kwamba nimenunua kisu kilekile mara kumi na saba. Vyote ni Opinel, vyote vimetoka Savoie, eneo la milima ya Alpi lililo mashariki mwa Ufaransa, na vyote vina mpini wa mti ulioviringana, ulionona kidogo tumboni na kukatwa mshazari mwishoni, pamoja na bapa moja lenye ncha iliyoinuka kidogo. Mgeni aliyenitembelea aliwahi kuniuliza kwa upole kwa nini mtu mzima ajikusanyie vitu visivyotofautiana. Sikuweza kumjibu vizuri siku ile, nami ninajaribu kumjibu sasa: kinachonivuta katika kisu hiki ni kwamba kimebadilika kidogo mno kwa zaidi ya miaka 130, kiasi kwamba kila badiliko dogo linaonekana, lina sababu, na linaweza kusomwa na yeyote aliye tayari kukishika kisu mkononi na kukitazama polepole.

Historia yake ni fupi kusimulia. Joseph Opinel alizaliwa mwaka 1872 katika familia ya wahunzi wa kitongoji cha Gevoudaz, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne. Baba yake, Daniel, alikuwa akifua zana za mkono kama vile shoka na mundu, na kijana alikua katika moshi wa tanuri hilo. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa kwenye mashine zaidi kuliko kwenye nyundo, na inajulikana kwamba alijiundia kamera mwenyewe na kuwapiga watu picha kijijini. Mwaka 1890, akiwa na umri wa miaka 18, alitengeneza kisu chepesi cha kukunja kwa ajili ya marafiki zake. Wakulima, wachungaji na watunza mizabibu wa eneo hilo wakakipenda, na kwa vile alikuwa na akili ya mashine, akaanza kufikiria namna ya kuikata mipini mingi kwa haraka bila kuacha umbo lake. Kutoka mlimani kazi ilishuka hadi Cognin, karibu na Chambéry, ambako palikuwa na njia za reli, na kiwanda cha leo kipo Chambéry kwenyewe.

Mwaka 1897 alipanga visu vyake katika ukubwa wa aina kumi na mbili na kuvipa namba, kuanzia 1 hadi 12. Mpango huu wa namba ndio unaomfanya Opinel awe rafiki wa mkusanyaji, kwa sababu safu yenye namba ina mapengo, na pengo halimwachi mtu alale. Namba 1 ilikuwa kisu kidogo mno, chenye bapa la sentimita 2 hivi, ambacho watu walikining'iniza kwenye mnyororo wa saa au wa funguo. Namba 11 ilikuwa imebanwa katikati ya majirani zake wawili, haikuwa na kazi ambayo Namba 10 au Namba 12 zisingeweza kuifanya. Zote mbili ziliachwa kutengenezwa katika miaka ya 1930, na tangu wakati huo anayetaka safu kamili hana budi kuzitafuta kwenye masanduku ya watu waliokwisha kufariki. Mimi sina Namba 1. Namba 11 niliishika mara moja tu, mikononi mwa mkusanyaji mwenzangu, nikairudisha kwa uangalifu kama mtu anayerudisha mtoto kwa mamaye.

Ukubwa unaoheshimiwa kuliko wote ni Namba 8, ambayo bapa lake lina urefu wa sentimita 8.5, na ambayo uzito wake wote haufiki gramu 50. Ukiwa nayo mfukoni unaweza kuisahau kabisa, lakini ukiifungua inajaza kiganja kama zana ya kazi. Namba 2, yenye bapa la sentimita 3.5, ni kitu cha kupendeza macho zaidi kuliko kutumika. Namba 12 ni ya mtu mwenye kiganja kipana au mkate mkubwa. Kipo pia kisu cha Namba 13, chenye bapa la sentimita 22, kilichoongezwa baadaye sana nje ya ile safu ya mwanzo. Sikihesabu katika mkusanyo wangu, ingawa najua wapo wasiokubaliana nami.

Wengi wanaosifu kisu hiki husifu urembo wake, na hawajakosea. Mwaka 1985 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lilikitaja miongoni mwa vitu 100 vilivyosanifiwa vizuri zaidi duniani, pamoja na magari na saa za bei kubwa. Hata hivyo, nadhani urembo huo umetokana na uchache wa sehemu zake. Kisu cha kawaida cha leo kina sehemu tano tu: mpini, bapa, ribiti inayolishikilia bapa, pete ya ndani isiyosogea, na pete ya nje inayozunguka. Hakina springi. Hakina skrubu. Mpini ni kipande kimoja cha mti, kilichopasuliwa kwa msumeno ufa mmoja ulionyooka ambamo bapa hulala likikunjwa, nayo pete ya ndani hukumbatia shingo ya mpini ili mti usipasuke pale ribiti inapopita. Ukikitazama kwa upande wa ufa, utaona mahali meno ya msumeno yalipoishia, utaona nyuzi za mti zilizokatwa, na utajua kwamba umekiona kisu chote, kwamba hapana kitu kilichofichwa.

Hapo zamani kisu hiki hakikuwa na pete ya kuzunguka. Bapa lilishikiliwa na msuguano wa mti peke yake, na aliyekuwa akichimba kwa ncha au kubonyeza upande usiofaa angeweza kujifungia bapa vidoleni. Mwaka 1955 Marcel Opinel, wa kizazi kilichofuata katika familia hiyo, alibuni pete iliyopewa jina la Virobloc: mkanda mfupi wa chuma wenye mwanya, unaovaliwa juu ya pete ya ndani. Ukifungua bapa na kuizungusha pete, mwanya unahama, na ukingo wa pete unasimama nyuma ya bapa na kulizuia lisijikunje. Pete hii imevaliwa na visu vya kuanzia Namba 6 kwenda juu, wakati vile vidogo, Namba 2 hadi 5, vimebaki kama walivyovijua wazee. Kisha mwaka 2000 pete ikaboreshwa ili iweze kufunga pia bapa likiwa limekunjwa, lisije likafunguka lenyewe ndani ya mfuko au mkoba.

Kwa hiyo pete peke yake inakupa enzi tatu. Kisu cha Namba 8 kisicho na pete ya nje ni cha kabla ya 1955. Chenye pete inayofunga bapa likiwa wazi tu ni cha baada ya hapo. Na chenye pete inayofunga pande zote mbili ni cha kuanzia 2000. Mimi humpa kila anayeanza kukusanya somo hili kwanza, kabla ya lingine lolote, kwa kuwa halihitaji kitabu wala kioo cha kukuzia, linahitaji dole gumba tu.

Lakini somo hilo linaweza kukuponza, na mimi liliniponza. Katika soko moja la vitu vya kale nilinunua kisu cha Namba 9 ambacho muuzaji alisema ni cha kabla ya vita. Hakikuwa na pete ya nje, bapa lilikuwa jeusi, na mpini ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Nililipa nilichoombwa bila kubishana, nikakifunga kwenye kitambaa na kurudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Usiku ule nilikiweka chini ya taa na kuifuta pete ya ndani kwa kitambaa chenye mafuta. Pale chini ya uchafu palikuwa na mikwaruzo myembamba, mingi, yote ikizunguka shingo ya kisu upande mmoja hadi mwingine kama mistari ya sahani ya santuri. Mikwaruzo ya matumizi ya kawaida huenda ovyo, kila mmoja na njia yake. Ile ya duara haiwezi kuachwa na kitu kingine ila pete iliyozungushwa hapo kwa miaka mingi, kisha ikabanduliwa. Pete ya Virobloc hutoka kwa koleo bila shida kubwa. Sijui kama muuzaji alifahamu au naye alidanganywa, lakini tangu siku ile sinunui kisu kisicho na pete kabla ya kuisafisha shingo yake na kuitazama kwenye mwanga unaopiga kwa ubavu. Kisu chenyewe ninacho bado, kwa kuwa kinakata vizuri na kimenifundisha.

Ukishaitazama pete, tazama alama ya bapani. Mkono wenye taji ulisajiliwa mwaka 1909 kuwa nembo ya Joseph Opinel, akifuata desturi ya tangu 1565, wakati mfalme Charles IX alipoagiza kila fundi mkuu wa visu nchini Ufaransa awe na chapa yake. Mkono huo umeinua vidole vitatu kama anayebariki. Umetoka kwenye nembo ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, ambao tangu zamani umejivunia kuhifadhi masalia ya vidole vya Yohana Mbatizaji, naye ndiye aliyeupa mji jina. Taji ni kumbukumbu ya utawala wa watemi wa Savoie, ambao nchi yao iliingizwa Ufaransa mwaka 1860 tu, miaka thelathini kabla ya kisu cha kwanza. Mtu wa Maurienne wa wakati ule alipokifungua kisu chake aliona mji wake na nchi yake kwenye chuma cha ukubwa wa kidole. Nikishika kisu cha zamani ambacho alama imefifia kwa kunolewa, hukitega kwenye mwanga wa dirishani mpaka vile vidole vitatu vitokeze tena, na mara nyingi taji ndilo hutoweka kwanza.

Umbo la bapa linaitwa yatagan, jina la upanga wa Kituruki, kwa jinsi mgongo wake unavyoinama na ncha inavyoinuka. Jambo ambalo picha haziwezi kuonyesha ni wembamba wake. Bapa la Opinel ni jembamba kuliko la visu vingi vya kukunja vya leo, na mbavu zake zimevimba kidogo mno kuelekea kwenye makali, hivyo linapopita kwenye tofaa halilipasui, linaligawa. Visu vizito vinene vinavyotangazwa kuwa vinaweza kubandua mlango vinanishangaza, kwa kuwa tangu nianze kubeba kisu sijahitaji kubandua mlango, ila nimekata mkate, kamba, jibini na matunda kila siku.

Chuma chenyewe kiko cha aina mbili. Kipo chuma kisichoshika kutu, kinachotoka Sweden na kujulikana kwa jina la 12C27, na kipo chuma cha kaboni kiitwacho XC90, ambacho kina kaboni ya takriban asilimia 0.9. Kile cha kwanza kinamfaa mtu wa baharini na mtu asiyetaka kushughulika. Mimi ni wa kile cha pili, na sina wasiwasi kusema hivyo. Chuma cha kaboni hunoleka upesi, kinashika makali yanayosikika kwenye kidole, na kinaandika maisha yake juu ya ngozi yake. Kikiwa kipya kinang'aa kama kioo. Ukikatia kitunguu mara ya kwanza, ndani ya dakika chache utaona wingu la buluu na zambarau likienea kutoka kwenye makali. Ukikatia limau litaacha doa la kijivu lenye kingo kali. Na baada ya miezi kadhaa bapa zima huwa na utando wa rangi ya risasi, laini, usioshikika kwa kucha. Utando huo si uchafu. Ni chuma kilichojivika nguo inayopunguza kasi ya kutu nyekundu, ile inayokula.

Wapo wanaoulazimisha utando huo kwa kulilaza bapa ndani ya siki au kulipaka haradali kwa vidole, na matokeo yake yanapendeza, nami siwalaumu. Ila napenda zaidi bapa lililokolea kwa chakula halisi, kwa sababu hakuna mawili yanayofanana. Nina Namba 7 iliyotumika kwa matunda peke yake, na rangi yake ni ya kahawia yenye dhahabu. Namba 8 ya jikoni ni ya buluu nzito karibu na shingo na kijivu ncha nzima. Ninavilaza pamoja asubuhi na kuvitazama, na sijavichoka.

Mpini nao una tabia zake. Mti wa kawaida ni bichi, mti wa misitu ya Ulaya wenye mbao ngumu za rangi ya mchanga, zilizotapakaa vistari vifupi vifupi kama mchele uliomwagika. Hutengenezwa pia mipini ya jozi, mzeituni na mwaloni, na mkusanyaji mpya hukimbilia hiyo kwanza. Hata mimi nilikimbilia. Sasa narudi kwenye bichi, kwa kuwa ndio mti wa wachungaji na watunza mizabibu, na kwa kuwa unapokea jasho la mkono na kubadilika rangi kuliko miti ya anasa, ambayo tayari ilikuwa mizuri siku ya kwanza.

Adui wa mpini ni maji. Mti ukinywa maji huvimba, ufa wake hubana, na bapa hukwama ndani kana kwamba limegandishwa. Mwanzoni niliosha kisu changu kwa kukitumbukiza ndani ya beseni pamoja na vyombo vingine, na kesho yake sikuweza kukifungua. Nilivuta kwa kucha kwenye kile kijishimo cha bapani mpaka kucha ikakatika. Mzee mmoja wa Savoie, mpangaji wa ghorofa ya chini katika nyumba niliyokuwa nikiishi wakati huo, aliniona nikihangaika ngazini akanyoosha mkono. “Usikivute, mwanangu,” aliniambia, “kigonge.” Akaizungusha pete mpaka mwanya ukakabili ufa, akakishika kisu kikiwa kimefungwa, akagongesha kisigino cha mpini kwenye ukingo wa ngazi mara moja, kwa wepesi, kama mtu anayebisha hodi. Bapa likachungulia kiasi cha upana wa ukucha, naye akalimalizia kulifungua kwa vidole viwili. Watu wa huko wanalijua pigo hilo tangu utotoni na wanaliita pigo la Msavoie. Ndiyo sababu visigino vya mipini ya zamani vina alama za kupondeka upande mmoja, na nilipolijua hilo nikaenda kuvikagua visu vyangu vyote usiku huohuo: sita kati yake vilikuwa na pondeko hilo, mahali palepale.

Kuhusu utunzaji sina mengi. Futa bapa mara baada ya kulitumia, ulipake tone la mafuta ya kula kama litakaa bila kazi, na mpini uupake mafuta ya kitani mara moja moja, ukiuacha ukauke kabisa. Noa kwenye kinoo chenye maji kwa mkono mwepesi, bapa likiinuka kidogo tu, maana ule uvimbe wa mbavu unapotea haraka kwa mtu mwenye pupa. Na anayekibeba nje ya nyumba azijue sheria za mahali alipo: Ufaransa inakataza kubeba kisu bila sababu halali, na Uingereza inakihesabu kisu kinachojifunga bapa kuwa sawa na kisu kisichokunjika, hivyo pete ya Virobloc, iliyobuniwa kulinda vidole, huko inakibadilishia kisu hadhi mbele ya sheria.

Jambo ninalobishana na wakusanyaji wenzangu kila mwaka ni kusafisha. Wapo wanaonunua kisu chakavu, wakalisugua bapa mpaka ling'ae, wakaupiga mpini msasa na kuutia vanishi, kisha wakakiita kimefufuliwa. Kutu nyekundu ni lazima iondolewe, hilo sina ubishi nalo, kwa sababu ikiachwa hakitabaki kisu cha kukusanya. Lakini msasa unaondoa pia yale tuliyoyatafuta: mikwaruzo ya shingoni, pondeko la kisigino, rangi ya jasho, umbo la bapa lililopunguzwa na kinoo cha mtu mwingine. Kama nisingeliona duara la mikwaruzo kwenye ile Namba 9 ya uongo, leo ningekuwa nikiwaeleza watu historia isiyo yake. Kisu kilichopigwa msasa hakiwezi kusema uongo wala kweli.

Namba 9 ya kweli niliipata miaka miwili baadaye, kwenye kijiji kilicho juu ya bonde la Maurienne, siku ambayo familia zilikuwa zimetandaza vitu vya darini mwao barabarani. Ilikuwa ndani ya bati la biskuti pamoja na funguo na vijiko. Niliisafisha shingo yake kwa ncha ya shati langu nikiwa nimesimama palepale, nikakuta mikwaruzo inayokwenda ovyo na hapana hata mmoja wa duara. Bapa limenolewa mpaka limepoteza karibu theluthi ya upana wake, na likikunjwa linazama ndani ya mpini kiasi kwamba kijishimo cha kucha hakifikiki. Mwenyewe alilazimika kuchonga kishimo kwenye mti, kando ya ufa, ili kidole kiweze kulifikia. Alikichonga vizuri, kingo zake zimelainika kwa dole gumba, na mkono wenye taji haupo tena ila ncha za vidole viwili. Nimelipaka bapa mafuta, nimelifunga, na kukirudisha kisu mahali pake katikati ya Namba 8 na Namba 10. Dole gumba langu linaenea sawasawa ndani ya kile kishimo.